Nani anamlipa nesi wa hospitali ya misheni?

Kwenye grupu letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja, hela za msaada za Marekani kwa hospitali za makanisa zikitajwa tu lazima ugomvi uanze, na ugomvi wenyewe una pande mbili hizo hizo kila siku. Kuna wanaosema makanisa yamekula sana hela za wazungu kwa mgongo wa wagonjwa, na kuna wanaosema bila kanisa watu wa vijijini wangeshakufa wote kwa hiyo tuache kelele. Mimi nimefanya uhasibu kwenye hospitali moja ya misheni huku Kanda ya Ziwa (jina sitaji, wenzangu bado wapo pale wanalea familia) na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa ripoti za wafadhili, kwa hiyo hizo hela nimeziona zikiingia na nimeziona zikitoka, na kwa kweli naona wote wanagombania kitu ambacho sicho. Mimi kila mwisho wa mwezi nilikuwa nahangaika na swali dogo tu, mshahara wa nesi wa zamu ya usiku unatoka wapi, maana jibu lilikuwa linabadilika kila baada ya muda na nesi ni yule yule.

Ngoja nieleze vizuri maana watu wengi hawajui. Wodi moja ya hospitali ya misheni unaweza ukakuta manesi watatu wamesimama pamoja. Wa kwanza ni mtumishi wa serikali kashikizwa pale, mshahara wake unatoka hazina, unaingia benki tarehe zinazojulikana na pensheni ipo. Wa pili ni wa mradi, huyu mara nyingi yuko CTC kwenye kliniki ya VVU, analipwa vizuri kuliko wote mpaka siku mradi unapoisha, ukiisha umeisha. Wa tatu ndo wa hospitali yenyewe, analipwa kutokana na makusanyo ya dirishani, na mwezi ambao wagonjwa hawana hela au bima imechelewa kulipa anaitwa na mkurugenzi anaambiwa avumilie kidogo. Wote wana sare ile ile na mgonjwa hajui tofauti, ila wao wanajua sana, hata chai wanakunywa kimakundi. Sasa huyo nesi wa kwanza ni mkataba wa serikali yetu na kanisa, wa pili ni mkataba wa serikali ya nje na kanisa, na wa tatu hana mkataba na serikali yoyote. Ukiwaelewa hao watatu mambo mengine yote ya "ushirikiano na taasisi za dini" utayaelewa bila kusoma karatasi ndefu.

Tuanze na huyo wa kwanza. Mambo haya hayakuletwa na Wamarekani. Mwalimu alirithi nchi ambayo wilaya nyingi hospitali pekee ilikuwa ya wamisionari, kwa hiyo serikali badala ya kujenga nyingine mlango wa pili ikaiteua ile ile iliyopo iwe ya wilaya, ndo likaja jina hospitali teule. Serikali inalipa mishahara na kuleta ruzuku ya uendeshaji, kanisa linabaki na majengo na usimamizi. Bugando hapa Mwanza ina historia inayochekesha kidogo, wakatoliki wameijenga, ikafunguliwa 1971, mwaka uliofuata tu serikali ikaitaifisha, halafu 1985 ikawarudishia maaskofu waiendeshe huku serikali inaendelea kulipa mishahara ya watumishi. Yaani waligombana, wakapatana, na hakuna aliyeweza kumwacha mwenzake.

Halafu ikaja 1992, ile hati ya makubaliano kati ya serikali na makanisa, TEC upande wa wakatoliki na CCT upande wa waprotestanti, na humo ndo ikazaliwa CSSC ambayo mpaka leo ndo inasemea hospitali na shule za makanisa. Ukumbuke kipindi kile kilikuwa kipindi gani, serikali haina hela, masharti ya IMF na Benki ya Dunia yanabana kila kona, na 1993 ndo kuchangia huduma kukaanza kwenye hospitali za serikali. Makanisa ya Ujerumani yalikuwa nyuma ya shughuli ile na sio ajabu, maana Wajerumani wao walishaamua kitambo. Tangu 1962 serikali ya Bonn ilianza kupitisha sehemu ya hela zake za maendeleo kwenye ofisi kuu mbili za makanisa, moja ya waprotestanti moja ya wakatoliki, kwa sharti kwamba hela ya mlipa kodi isihubirie mtu. Jenga kisima, jenga zahanati, somesha wauguzi, ila Biblia nunua kwa sadaka yako. Mimi hilo sharti nalipenda, ni rahisi na linakaguliwa, unafungua kitabu cha hesabu unaona.

Na wapo wengine wengi. Haydom kule Manyara, hospitali ya Walutheri iliyoanzishwa na Wanorwe 1955, kwa miaka mingi ilibebwa na hela za serikali ya Norway kupitia ubalozi wao. Ukifika pale ukaona ukubwa wa hospitali katikati ya pori lile ndo unaelewa kwamba sadaka ya jumapili peke yake isingeweza.

Nesi wa pili sasa, wa mradi. Huyu ni mtoto wa PEPFAR, ule mpango wa serikali ya Marekani wa kupambana na Ukimwi. Januari 2003 Bush alisimama mbele ya bunge lao akaahidi dola bilioni 15 kwa miaka 5 za kupambana na Ukimwi, Afrika na Karibiani. Bush huyo huyo 2001 alipoingia tu alifungua ofisi Ikulu ya kushughulika na mashirika ya dini, na mwisho wa 2002 akaagiza USAID, shirika la misaada la serikali yao, nayo iwe na dawati lake, kwa hiyo hela za PEPFAR zilipokuja njia ilikuwa imeshafagiliwa. Kukaundwa kitu kinaitwa AIDSRelief, kinaongozwa na CRS, lile shirika la wakatoliki wa Marekani lenye makao Baltimore, wakishirikiana na wenzao wa kimisheni na wataalamu wa chuo kikuu cha Maryland, wakaingia Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na kwingineko kupitia hospitali za makanisa.

Kwa nini hospitali za makanisa? Wengine wanasema ni udini wa Bush. Sawa, udini ulikuwepo, ila mimi niliyekaa mle ndani naona sababu nyingine ya kawaida kabisa, hizo hospitali zilikuwa zimeshajengwa. Zina nyumba za wauguzi, zina jenereta, zina stoo yenye kufuli na sista anayeshika ufunguo, zina jina ambalo bibi wa kijijini analiamini. Mpango wa taifa wa ARV hapa kwetu ulianza 2004 na serikali ilikuwa haiwezi kufika kila mahali kwa mwaka mmoja. Mfadhili akaja akakuta miaka 60, 70 ya kazi ya watu wengine ipo tayari inamsubiri, akaongeza komputa, friji, mashine ya CD4 ya kupima kinga ya mwili, gari moja jeupe na mishahara ya watu kadhaa, na matokeo yakaonekana haraka sana. Watu waliokuwa wanaletwa kwa machela wakaanza kuja kliniki kwa miguu. Hilo hakuna wa kulipinga, na mtu anayesema hela zote ziliishia kwenye matumbo ya maaskofu huyo hajawahi kukaa kwenye benchi la CTC siku ya jumanne asubuhi.

Ila ule uwekezaji wa miaka 70 hakuna aliyeuhesabu. Kwenye bajeti ya mradi jengo ni bure, maji ni bure, mlinzi ni bure, mhasibu (mimi) nusu bure. Na hela yenyewe inasafiri mno, inatoka Washington inaingia shirika kubwa, inashuka ofisi ya Dar, inashuka ngazi nyingine, ndo inafika kwetu, na kila kituo kina watu wake, magari yake na semina zake. Halafu taimushiti! Nesi wa mradi alitakiwa ajaze karatasi kuonyesha muda wake wote ameutumia kwenye mradi, lakini saa nane usiku mama akija na uchungu na mkunga yuko peke yake, nesi wa mradi si atakwenda kusaidia? Anakwenda. Halafu kwenye karatasi anaandika alikuwa kwenye mradi, maana hakuna kisanduku cha "nilikuwa nazalisha mama wa watu". Mkaguzi anataka karatasi iseme kitu kimoja na hospitali inaishi vingine.

Masharti nayo yalikuwepo na yalikuwa ya ajabu. Sheria ya kwanza ya PEPFAR ilitaka theluthi moja ya hela za kinga iende kwenye mahubiri ya kusubiri mpaka ndoa. Ikasema shirika la dini lisilazimishwe kushiriki jambo linalopingana na imani yake, hapo ndo wasiotaka kugawa kondomu wakapata mlango wa kutokea. Na kila anayepokea hela alitakiwa atie saini kwamba anapinga ukahaba. Brazil 2005 waliona hiyo saini itawaharibia kazi waliyokuwa wanaifanya vizuri na wadada wanaouza mwili, wakakataa dola milioni 40, wakasema kaeni nazo. Baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema 2013 kwamba mashirika yao ya ndani yasilazimishwe kutoa hilo tamko, ila 2020 ikasema mashirika ya nje kinga hiyo hayana. Yaani uhuru wa kusema ulikuwa wa Mmarekani, wewe wa Musoma saini tu.

Kwenye hospitali za katoliki kondomu hazikugawiwa, zahanati ya serikali ng'ambo ya barabara zilikuwepo. Sista mmoja wa kliniki alikuwa anawaambia wagonjwa kwa upole kabisa, sisi hapa hatugawi lakini hatujamfunga mtu miguu. Mimi niliheshimu sana busara yake. Ila mgonjwa wa mahali ambapo hakuna hiyo zahanati ng'ambo ya barabara je? Wilaya ambayo hospitali ya misheni ndo hiyo hiyo peke yake? Hapo siwezi kulitetea kanisa langu. Ukichukua kodi ya watu na ukawa wewe ndo mlango pekee, basi uhuru wako wa imani lazima uje na wajibu wa kuhakikisha kuna mtu mwingine karibu anayetoa kile usichotoa, na huyo mtu awe ameandikwa kwenye mkataba, isiwe kazi ya sista na maneno yake ya upole.

Sasa kuna stori ya Kenya ambayo mimi naiona inaeleza kwa nini serikali zinarudi kwa makanisa kila mara hata zikiwa haziyapendi. Nairobi kuna MEDS, bohari ya dawa iliyoanzishwa 1986 na maaskofu wa katoliki pamoja na CHAK, umoja wa hospitali za waprotestanti. 2021 ARV za msaada zilikwama bandarini Mombasa, serikali ya Kenya inadai kodi, Wamarekani hawaiamini KEMSA, bohari ya dawa ya serikali, baada ya kashfa za manunuzi ya korona wanataka kampuni yao ya kimarekani ndo isambaze, Wakenya hawaitaki hiyo kampuni, na wagonjwa wanagawiwa dawa za wiki chache chache. Mwisho wa siku kazi ya kusambaza ikaangukia MEDS. Huyu hamwamini yule, yule hamwamini huyu, wote wawili wanamwamini mtunza stoo wa kanisa.

Na uone kilichofuata. Januari 2025 Trump anasimamisha misaada, dawa nyingine zenye thamani ya dola milioni 34 zinabaki zimelala kwenye stoo ya MEDS Nairobi, zimeshanunuliwa, zimeshafika, zipo salama, ila hela ya kuzisambaza imezuiwa na idhini haipo. Kanisa lina ufunguo wa stoo na halina ruhusa ya kutoa kopo! Mimi hapo ndo nilipowaelewa wanaouliza, huu ushirikiano mnaouita ushirikiano ni wa aina gani? Mshirika angekuwa na kauli. Huyu ni mkandarasi tu, tena mkandarasi ambaye kazi ikisimama haondoki na vifaa vyake, anabaki pale getini akiangaliana na wateja.

Congo wenyewe wamelijua hili zamani kuliko sisi. 1981 USAID walianza mradi wa SANRU wa afya vijijini Zaire ya Mobutu, na uendeshaji wakaukabidhi kwa ECC, umoja wa makanisa ya kiprotestanti, maana kila mtu alijua hela ikipitia Kinshasa itafika kijijini imechoka. Mwanzoni mwa miaka ya 90 Marekani ikasimamisha misaada kwa Zaire, mradi ukafa, ila zahanati na wauguzi wa makanisa wakabaki kuendesha kwa ada za wagonjwa na maombi. Wafadhili waliporudi baadaye wakalikuta jina la SANRU wakalifufua, na imekuwa moja ya taasisi zinazopokea hela za Global Fund, ule mfuko wa dunia wa Ukimwi, kifua kikuu na malaria, kule. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, ile ya Dokta Mukwege anayetibu wanawake waliobakwa, nayo ni ya wapentekoste, CEPAC, ilianza 1999 kwa msaada wa wapentekoste wa Sweden ambao nyuma yao kulikuwa na hela za serikali yao na za Umoja wa Ulaya. Dunia ikampa Mukwege Nobel 2018 watu wakashangilia. Halafu Goma inaanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwisho wa Januari 2025, Bukavu inafuata katikati ya Februari, na hizo hizo wiki ndo hela za Marekani zimefungwa. Wanawake wanabakwa na vifaa vya dawa za dharura za kuzuia VVU vinaisha kwenye vituo. Nikifikiria hapo hasira inanipanda kwa hiyo niendelee.

Nina rafiki yangu Mwislamu wa Ujiji, ni mwalimu, kila nikianza kuzungumzia mambo haya ananikatisha, na ananikatisha kwa haki. Anasema, hati ya 1992 mmesaini nyie na serikali, sisi tulikuwa wapi? Waislamu wa Tanzania wameilalamikia hati ile tangu iliposainiwa na majibu wanayopewa siku zote ni kwamba hela inafuata hospitali zilipo na hospitali nyingi ni za makanisa. Ni kweli, ila ni jibu la nusu. Kwa nini ziko kwa makanisa? Kwa sababu mkoloni aliwapa wamisionari ardhi, shule na ruzuku, kisha uhuru ukaja tukaendelea pale pale, aliyenacho akaongezewa. Serikali yenyewe ni kama ilikiri kidogo pale Mkapa alipowapa Waislamu yale majengo ya TANESCO Morogoro wakafungua chuo kikuu chao. Uganda angalau Waislamu wana ofisi yao ya afya, UMMB, inakaa meza moja na ya wakatoliki, ya waprotestanti na ya waorthodoksi, na hospitali zao zimekuwa zikipata ruzuku ya serikali. Sisi tungeweza kufanya hivyo bila vita yoyote.

Na kwa wafadhili wa nje mzani ni ule ule. Islamic Relief imeanza Birmingham 1984, imefanya kazi kubwa ya ukame kule Mandera na Wajir, imepokea hela za serikali za Ulaya. 2020 baadhi ya viongozi wake wakaibuliwa machapisho ya chuki dhidi ya Wayahudi, wakajiuzulu, na Ujerumani na Marekani zikajitenga na shirika zima. Yale maneno yalikuwa mabaya, siyatetei hata kidogo. Ila jiulize ni mapadri wangapi wa Ulaya wameharibu watoto na hakuna serikali iliyosema inasitisha kufanya kazi na mashirika yote ya katoliki. Rafiki yangu wa Ujiji anasema sisi tukikosea mtu mmoja tumekosea wote. Sina jibu la kumpa.

Turudi 2025. Ijumaa ya Januari 24 barua ya kusimamisha kazi ikatoka Washington na ikashuka ngazi zote zile nilizozisema mpaka chini kwa watu wa hospitali. Siku chache baadaye wakasema dawa za kuokoa maisha zinaruhusiwa, lakini anayegawa dawa ameshasimamishwa, mtu wa data amesimamishwa, dereva amesimamishwa. Februari 7 Trump anafungua ofisi mpya ya imani Ikulu, anasema anawalinda Wakristo, na wiki hiyo hiyo Musk, yule tajiri aliyempa kazi ya kubana matumizi, yuko kwenye X anaonyesha mashirika ya Kilutheri kama wapokeaji wa malipo haramu. CRS ambao karibu nusu ya bajeti yao ilikuwa hela za serikali wakaanza kupunguza watu. Machi Rubio, waziri wao wa mambo ya nje, akatangaza asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa, na Julai 1 USAID yenyewe ikafungwa. Yaani serikali iliyojinadi kwa dini kuliko zote ndiyo iliyoangusha kazi za dini nyingi kwa mpigo kuliko yoyote niliyowahi kuiona, sasa mwenye kuelewa anieleweshe.

Hata mpangaji wa chumba kimoja kule Buza, Dar, anapewa notisi. Kliniki zenye wagonjwa maelfu zilipewa barua ya ijumaa.

Na serikali yetu je? Tusimlaumu mzungu peke yake. Wakati wa Magufuli zikaanza kujengwa hospitali mpya 67 za wilaya, jambo zuri kabisa, nani atakataa hospitali. Lakini kuna sehemu hospitali mpya ilipofunguliwa hospitali teule ikaanza kukonda, watumishi walioshikizwa wakarudishwa serikalini, ruzuku ikachelewa, na hakuna aliyekaa na kanisa kwanza kupanga nani atafanya nini. Nyingine ziko kilomita chache kutoka kwa mwenzake, zote mbili zina chumba cha upasuaji na zote mbili hazina daktari wa usingizi. Nesi wa kwanza kaondoka na barua ya uhamisho, wa pili kaondoka na mradi, kabaki wa tatu na makusanyo yake ya dirishani, kanisa linapandisha bei kidogo ili alipwe, watu wanasema mmeona, misheni nao wamekuwa wafanyabiashara. Ukikaa upande wa hesabu unaona kabisa hiyo bei imepandishwa na nani.

Sasa mambo mapya yameanza na ndo yaliyonifanya niandike. Marekani wametoka kwenye mashirika, wanasaini moja kwa moja na serikali. Kenya wamekuwa wa kwanza, Desemba 4 2025 Washington, Rubio na Mudavadi wa Kenya wanasaini, Ruto kasimama pale, dola bilioni 1.6 kwa miaka 5 na Kenya nayo inaongeza ya kwake milioni 850. Siku chache tu Mahakama Kuu ya Kenya ikasimamisha kipengele cha kupeana data za wagonjwa, sawa kabisa. Ila kuna kitu ndani yake watu hawakukizungumzia sana, hospitali za dini zitalipwa kupitia SHA, ile bima ya afya ya serikali ya Kenya, kwa huduma wanazotoa, badala ya kuwa na mradi pembeni. Kwa mhasibu hiyo ni habari kubwa! Maana yake yule nesi anaweza kulipwa kwa kazi aliyofanya, awe anazalisha au anagawa ARV, bila taimushiti ya uongo. Shida ni kwamba hao hao hospitali za makanisa Kenya walikuwa wanaidai NHIF, bima iliyotangulia SHA, madeni makubwa, SHA ikaanza Oktoba 2024 na kelele za kutolipwa hazijaisha, kwa hiyo unahamishwa kutoka kwa mlipaji anayeweza kuzima ijumaa kwenda kwa mlipaji anayesahau.

Nigeria wakasaini yao mwezi huo huo, na humo Wamarekani wametenga dola milioni 200 hivi kwa vituo zaidi ya 900 vya Kikristo. Wamesema wazi kabisa, vya Kikristo. Mimi ni Mkristo, nimelelewa na hela ya hospitali ya Kikristo, na hiyo siitaki ije kwetu namna hiyo. Nchi yenye Waislamu na Wakristo wanaozikana, uje uweke hela ya serikali ya nje kwenye kliniki za upande mmoja kwa jina, tena wakati Marekani wenyewe wamesema Desemba wanapitia upya uhusiano wao na sisi na uhuru wa dini wameutaja kama moja ya sababu? Hospitali inageuka bendera. Na siku ugomvi ukija mtu wa kwanza kuulizwa wewe wa nani ni nesi.

Kama kuna mtu wa CSSC au wizarani anasoma hapa, mimi ningependa tuanze na vitu vya kawaida tu. Mkataba uwe na serikali yetu na uwe wa miaka mingi, hela ya nje iingie humo kama nyongeza sio kama msingi. Kuwe na notisi, hata miezi sita. Hospitali yoyote ya dini yoyote ikitimiza vigezo iingie kwa mlango ule ule, BAKWATA wakiwa na kituo wapewe, KKKT wakiwa na kituo wapewe, asiyetoa huduma fulani aandike jirani yake anayeitoa ni nani na yuko kilomita ngapi. Na hesabu zibandikwe, kanisani na kwenye ofisi ya kata, waumini wengi hawajui kabisa parokia yao ilipokea shilingi ngapi za serikali ya nani, wanaambiwa tu tuna wafadhili tuwaombee.

Mlioko Kenya, hasa mnaofanya uhasibu kwenye hospitali za CHAK au za jimbo, niandikieni kama malipo ya SHA yameanza kuingia na yanachelewa kwa muda gani. Nataka kuona ile fomu ya madai inafananaje, na kama ina kisanduku cha mkunga.